Ruzuku ya Kilimo Imfikie Mwenye Jembe

Kila serikali inapotangaza ruzuku ya kilimo, anayetajwa ni mkulima mdogo. Kwa jina lake bajeti hupitishwa, meli za mbolea hupakuliwa bandarini na hotuba hupigiwa makofi. Msimu ukiisha na hesabu zikafunguliwa, mara nyingi huonekana kwamba aliyetajwa ni mmoja na aliyepokea ni mwingine. Mambo haya hayako Afrika peke yake, wala hayakuanza jana. Na kosa si la ruzuku yenyewe. Fedha ya ruzuku hufuata kipimo ilichofungwa nacho: ikipimwa kwa ekari, huenda kwa mwenye ekari nyingi, ikipitia mezani kwa mtu, humnufaisha kwanza aliye karibu na meza hiyo. Hilo yawapasa wakulima walielewe kabla msimu mwingine haujaanza.

Mfano wa zamani unatoka Marekani. Mwezi Mei 1933, bei ya pamba ikiwa imeanguka vibaya, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilipata sheria ya kuwalipa wakulima ili wapunguze mazao. Pamba ilikuwa imekwisha kuota, hivyo majira ya joto ya mwaka ule ekari zipatazo milioni 10 zilifukiwa kwa plau. Inasimuliwa kwamba nyumbu waliozoezwa kupita kati ya mistari bila kugusa mche waligoma kuikanyaga pamba, ikabidi walazimishwe. Malipo yalikwenda kwa mwenye ardhi, naye ndiye aliyetakiwa kumpa sehemu yake mtu aliyelima shamba lile kwa kugawana mavuno. Wengi hawakutoa kitu. Tena, ekari zilipopungua, mikono ya kulima nayo haikuhitajika. Familia zikafukuzwa mashambani, weusi kwa weupe, na baadhi ya fedha zilezile zikanunua matrekta. Julai 1934, karibu na mji mdogo wa Tyronza, Arkansas, wanaume 18, weupe 11 na weusi 7, walikutana wakaunda chama cha kudai haki yao.

Miaka mingi imepita, na mkondo haujageuka. Shirika la Environmental Working Group, linalofuatilia malipo hayo, limeonyesha kwamba tangu 1995 zaidi ya robo tatu ya ruzuku ya mazao ya Marekani imekwenda kwa asilimia 10 ya wapokeaji, wale wakubwa. Ukomo wa malipo upo katika sheria: hadi 2024 ulikuwa dola 125,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Lakini ukomo wa mtu una dawa yake, nayo ni kuongeza watu. Sheria ya kilimo ya 2018 iliwaingiza mabinamu na watoto wa ndugu katika hesabu ya familia inayomiliki shamba. Kila ndugu aliyetambuliwa kuwa anashiriki katika kazi ya shamba, hata kama kazi hiyo ni ya usimamizi tu, aliweza kufungua mlango wa malipo mengine.

Ulaya nako si tofauti sana. Huko sehemu kubwa ya malipo hutolewa kwa hekta, na kwa miaka mingi takriban asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja imekuwa ikiishia kwa asilimia 20 ya wapokeaji. Uingereza ilipokuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa mmoja wa wapokeaji, kwa mashamba yake ya Sandringham. Hakuvunja sheria yoyote. Sheria iliuliza ukubwa wa shamba, haikuuliza haja ya mwenye shamba.

Mkulima wa pamba wa Maswa au Bariadi, Tanzania, asidhani hayo ni mambo ya mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Marekani ilikuwa ikitumia zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka kuwasaidia wakulima wa pamba wapatao 25,000. Pamba ile ilijaza soko la dunia na kushusha bei ambayo mkulima wa Mali, Burkina Faso, Benin, Chad na Kanda ya Ziwa huipokea bila kuulizwa. Mwaka 2003 nchi nne hizo za Afrika Magharibi na Kati zilipeleka malalamiko yao katika Shirika la Biashara Duniani. Brazil ilikuwa imekwisha kufungua kesi yake mwaka 2002, ikashinda, na mwaka 2014 ikamaliza shauri hilo kwa kulipwa dola milioni 300. Waafrika hawakulipwa kitu. Mkutano wa shirika hilo uliofanyika Nairobi Desemba 2015 ulikubali kuondoa ruzuku za kusafirishia mazao nje, ila zile zinazotolewa ndani ya nchi tajiri zikabaki.

Hapa ndipo wengine husema kwamba, basi, ruzuku ifutwe kabisa. Wasiharakishe. Malawi, baada ya mavuno mabaya ya 2005, serikali ya Rais Bingu wa Mutharika iligawa kuponi za mbolea na mbegu ingawa wafadhili wengi walikuwa wakiipinga. Mvua nazo zikawa nzuri. Mavuno ya mahindi yaliyokuwa takriban tani milioni 1.2 mwaka 2005 yalipanda, kwa takwimu za serikali, hadi zaidi ya tani milioni 3 mwaka 2007, na nchi iliyokuwa ikiomba chakula ikauza mahindi Zimbabwe. Mtu mwenye robo ekari na udongo uliochoka hawezi kungoja soko limhurumie. Mifuko miwili ya mbolea kwake ni tofauti ya kula na kulala njaa. Lakini Malawi hiyohiyo, mwaka 2022, fedha za mbolea ya ruzuku zililipwa kwa kampuni ya nyama ya Uingereza ambayo haikuleta mbolea, na Waziri wa Kilimo, Lobin Lowe, akafutwa kazi. Nia ilikuwa ileile. Kilicholegea ni ulinzi.

Tanzania ina somo lake. Kuanzia msimu wa 2008/09 serikali, ikisaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, iligawa vocha za pembejeo kwa wakulima wa mahindi na mpunga: moja ya mbolea ya kupandia, moja ya kukuzia, moja ya mbegu, zote za kutosha ekari moja. Vocha ililipia nusu ya bei, mkulima akamalizia nusu. Kamati za vijiji ndizo zilizochagua majina. Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walipoufuatilia mpango huo mkoani Kilimanjaro, walikuta kwamba takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa ziliingia katika kaya za viongozi wa kuchaguliwa wa kijiji. Utafiti wao ulichapishwa 2012. Na kwa mjane aliyepata vocha lakini hana fedha ya kumalizia ile nusu, karatasi ile haikuwa na kazi ila kumuuzia mwingine kwa bei ya kutupa. Mnunuzi akaenda nayo dukani, akachukua mbolea.

Huo ndio ukubwa unaosahauliwa. Watu wakisikia habari ya wakubwa huwaza makampuni yenye makao ng'ambo, kumbe kijijini mkubwa anaweza kuwa mwenye muhuri.

Kenya iliona upande mwingine wa jambo hilo. Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500, na wakulima wakapanga foleni kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka. Machi 2024 ikafichuka kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kama mbolea haikuwa mbolea. Wabunge walianza hatua za kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, na mwezi Mei kamati teule ikamwondolea mashtaka. Aliyekwisha kupanda kwa mfuko ule hakuwa na kamati ya kumrudishia mvua ya msimu.

Tanzania ilirudi kwenye ruzuku kwa njia mpya mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopaa duniani kote. Siku ya Nane Nane, Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wenye bajeti ya shilingi bilioni 150, na mfuko wa mbolea ya DAP au Urea uliokuwa umevuka shilingi 100,000 ukauzwa kwa takriban 70,000. Safari hii mkulima alisajiliwa kwenye daftari, akapewa namba, akanunua kwa wakala. Hayo ni maendeleo, kwani namba inaweza kufuatiliwa. Hata hivyo daftari linaloandika ekari kwa tamko la mtu linampa mwenye kutamka nyingi. Na pale mawakala walipokuwa mjini tu, mkulima wa kijiji cha mbali alilipa nauli iliyokula sehemu ya punguzo lake, na mtandao wa kuhakiki namba yake ukikatika, akalala huko.

Yafaa basi wananchi wasimame imara katika mambo machache. Ruzuku iwe na ukomo kwa kaya, wala si kwa shamba, na ukomo huo usipanuliwe kwa majina ya watoto na wapwa. Orodha ya waliopewa isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji na kubandikwa ukutani, ili jirani aone jina la jirani. Mwanakijiji naye asikae nyumbani siku ya mkutano kisha akalalamika kilabuni. Wakala alipwe kwa wakati: serikali ikichelewesha deni lake, wakala mdogo hufilisika, duka la kijijini hufungwa, na biashara hubaki kwa wenye mitaji mikubwa. Mbolea ifike kabla ya mvua, maana ikichelewa huwafaa wenye maghala na skimu za umwagiliaji. Na kila mnunuzi adai risiti, aitunze pamoja na mfuko wenyewe mpaka mazao yaote, kwa kuwa bila hivyo hana ushahidi.

Wajibu mkubwa zaidi ni wa wabunge. Wizara inapoleta bajeti yake, wasikubali kujibiwa kwa tani zilizoshushwa bandarini na mifuko iliyouzwa. Takwimu hizo hutimia hata kama mifuko yote imechukuliwa na watu wachache. Waulize ni kaya ngapi zilizopokea, kata kwa kata, kila moja ikiwa na shamba la ukubwa gani, na ni kiasi gani cha fedha kiliishia kwa waagizaji wa mbolea. Waziri akikosa majibu hayo, wasipitishe fungu la ruzuku mpaka ayalete.