Mbu wa mchana anazaliwa uani kwetu

Mhariri,

Wengi tunafyeka majani tukidhani tumemaliza mbu. Mbu wa dengi, aliyetuhangaisha Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hazaliwi majanini. Hutaga kwenye vyombo vyenye maji: tairi bovu, kifuu cha nazi, ndoo iliyosahauliwa nyuma ya choo. Chungulia humo uone viluwiluwi vinavyojipindapinda. Ndani ya siku 7 hadi 10 hivi ni mbu kamili.

Kumwaga maji kila wiki hakutoshi. Tusugue na kuta za chombo, maana mayai hung'ang'ania pale hata pakikauka. Pipa la akiba lifunikwe kabisa. Na ninyi mafundi tairi, tafadhali sana, wekeni tairi chakavu chini ya paa. Chandarua cha usiku peke yake hakimzuii anayeuma mchana.

Msomaji,
Temeke, Dar es Salaam