BWANA SHAMBA ANAULIZA

Mwezi huu tuweke jembe chini kidogo. Tuzungumze juu ya kuhesabu watu na kuwauliza maswali.

Mikoa yetu ya Mbeya na Iringa inakaribia kulingana kwa ukubwa. Kila mmoja una kilometa za mraba 35,000 na zaidi. Kilometa moja ya mraba ni karibu ekari 250. Lakini watu hawalingani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,343,754 mkoani Mbeya na 1,192,728 mkoani Iringa. Ukiwagawa katika ardhi, Mbeya inapata kama watu 65 kwa kila kilometa ya mraba. Iringa inapata kama 34. Huo ndio unaoitwa msongamano wa watu.

Kwa nini hivyo? Tazama mvua na udongo. Kule Rungwe mvua ni nyingi na udongo ni wa volkano. Migomba inagusana na nyumba zinakaribiana. Mkoani Iringa kuna eneo kubwa la Hifadhi ya Ruaha, wanakokaa tembo. Lakini usidanganywe na wastani. Chunya nayo iko Mbeya, na huko ziko sehemu unazoweza kutembea saa nzima usione moshi wa jikoni.

Sensa humhesabu kila mtu. Ni kazi kubwa, na kwa kawaida hufanywa kila baada ya miaka 10. Mambo mengine tunayajua kwa kuuliza watu wachache tu. Hao huitwa sampuli. Wewe umeniona nikipima udongo. Sichoti mahali pamoja. Nachota huku na huku, kisha nachanganya. Nikichota karibu na zizi tu, shamba lote litaonekana lina rutuba. Na watu ni vivyo hivyo. Nikiwauliza wanaokaa kando ya barabara tu, nimechota karibu na zizi.

Hata hivyo, kuchagua watu ni rahisi kuliko kuuliza. Mimi mwenyewe nilikosea. Nilisimama katika mkutano wa kijiji nikasema, "Ndugu zangu, mnapanda mahindi kwa mistari, sivyo?" Mikono yote ikapanda juu. Nikaandika: wote. Wiki ile ile nikapita mashambani. Mashamba ya mistari niliyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Je, walikuwa waongo? Hapana. Swali langu lilikuwa na jibu ndani yake. Tena mimi ndiye niliyewafundisha mistari, na mgeni haaibishwi mbele ya watu.

Mara ya pili nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nikaketi. Nikauliza, "Mama, mwaka huu mlipandaje?" Kisha nikanyamaza. Hapo nikasikia mambo. Mistari wanaijua sana. Lakini mume yuko mjini, watoto wako shule, na mvua haingoji. Mama peke yake hawezi kuvuta kamba na kupanda ekari mbili kwa siku chache. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuwafundisha tena kitu wanachokijua!

Na wewe unayejibu, una sehemu yako. Tangu mwaka 2022 wakulima huandikishwa ili wapate mbolea ya ruzuku, nao huulizwa wana ekari ngapi. Mzee mmoja alisema ekari 1. Alikuwa na 3. Alidhani ni habari ya michango. Basi akaandikiwa mbolea ya ekari moja. Mwezi wa pili mahindi yake yalikuwa kijani upande mmoja, na manjano pande mbili. Kila aliyepita njiani aliona.

Msimu uliofuata alinifuata mwenyewe nyumbani, asubuhi, kabla sijanywa chai. Tukaenda shambani tukapima kwa miguu, hatua 70 kwa hatua 70, ekari moja. Tulipofika mpakani ekari zilikuwa 3 na nusu. Hata yeye hakujua.