MAJIKO YAZIBWE KWANZA



Kikao kijacho kitaamua kama pesa za akiba zinunue majiko mapya ya mkaa kwa kaya za wanachama. Sisi wa tawi tunasema hapana, bado. Yazibwe kwanza haya tuliyo nayo.

Jiko la bati lenye udongo ndani siyo kitu kigeni. Mafundi wa Kenya walianza kulitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiiga jiko la ndoo la Thailand, na huku kwetu likaja kuitwa Jiko Bora. Ubora wake ni mambo mawili. Udongo unazuia moto usipotelee kwenye bati, na mlango wa chini unampa mpishi amri juu ya hewa. Ukifungua, mkaa unawaka kwa nguvu. Ukifunga unatulia, maharage yanaiva polepole. Sasa pita nyumba kwa nyumba hapa Mikese. Udongo una ufa, kati ya udongo na bati kidole kinaingia, mlango umepinda au watoto wameuchezea umeng'oka. Jiko la hivyo hata ukilifunga linajivutia hewa lenyewe. Mkaa wa kopo zima unaisha na sufuria bado. Ati jiko limechoka! Halijachoka, linavuja.

Hapo wanaume tuambiane ukweli. Baiskeli ikipata pancha inazibwa siku ile ile, kwa kuwa tunaipanda sisi. Jiko linakaa na ufa miaka miwili, kwa kuwa anayelipepea ni mama.

Kujua panapovuja ni rahisi. Usiku washa jiko nje, mkaa ukikolea funga mlango, zima taa. Ukiona wekundu ubavuni, ni hapo.

Kuziba, jiko lipoe kabisa. Kwangua udongo uliolegea, lowesha ufa kwa maji, maana udongo mbichi haushiki pakavu. Chekecha udongo wa kichuguu, changanya na majivu na mchanga kidogo. Udongo mtupu hupasuka ukikauka. Nafasi ya pembeni mwa bati jaza majivu yenye saruji kidogo. Likauke kivulini siku kadhaa, na moto wa kwanza uwe mdogo. Mlango unyooshwe kwa nyundo mpaka ulale vizuri. Kama haupo, ukatwe kwenye debe kuukuu ufungwe kwa waya. Matundu ya kitako yasiguswe, yakizibwa mkaa utazima. Na jamani, tunaziba jiko, hatuzibi nyumba! Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua watu usingizini. Dirisha liwe wazi, na jiko lenye moto lisilale chumbani na watu.

Wapo watakaosema gesi inakuja. Kweli, mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Tunauunga mkono. Lakini mtungi ukiisha na pesa haipo, mama anarudi kwenye jiko lile lile.

Tena kilo 1 ya mkaa wa tanuri la udongo inakula kilo 5 hadi 10 za kuni, na sisi tunaokaa jirani na msitu wa Kitulang'halo tunaona miyombo inavyokwisha kando ya barabara. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Misitu ni Mali ya 1980, watu wakikusanyika penye redio. Ndugu zetu wauza magunia barabarani wasituone maadui. Wateja wao ni magari ya Dar es Salaam, siyo kopo la jirani.

Kwa hiyo tunapendekeza ushirika ulipe fundi bati siku mbili na ununue mfuko mmoja wa saruji. Jiko ambalo udongo wake umevunjika vipande vipande, hilo tu ndilo liandikwe kwenye orodha ya kununua.

Udongo wa kichuguu umeshachimbwa, uko nyuma ya ghala. Kila mtu aje na ndoo yake, na wanaume waje na majiko, wasiwatume watoto.

Katibu wa Tawi