Babu aliyetoka bahari: rejista za merikebu zinaweza kusema nini Kasongo na Kabambare?

Katika familia nyingi za Wangwana huko Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, ukiuliza ukoo ulianzia wapi, jibu huwa fupi: babu alitoka bahari. Wengine huongeza kwamba alikuwa nahodha, chombo chake kikazama, ndipo akaamua kuingia bara na msafara wa pembe. Habari yenyewe huishia hapo. Jina la chombo halijulikani, mwaka haujulikani, na mara nyingi hata jina la babu ni moja tu: Juma, Hamisi, Mabruki.

Leo kijana wa Kasongo mwenye simu na megabaiti kidogo anaweza kufungua orodha za nyaraka zilizoko Ulaya na kuanza kumtafuta. Hilo ni jambo jema. Lakini kabla hajaanza, afahamu nyaraka hizo ziliandikwa na nani na kwa sababu gani, kwa maana huenda zikampa babu tofauti kabisa na yule aliyesimuliwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni meli Madura. Iliondoka Zanzibar tarehe 25 Februari 1887 ikiwa na watu wapatao 700, wengi wao wapagazi na askari waliokodiwa na Stanley kwa safari ya kumfuata Emin Pasha. Ndani yake alikuwamo pia Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mkubwa wa Kasongo, pamoja na jamaa na watumishi wake. Alikuwa amekubali kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya mfalme Leopold. Meli haikuelekea Bagamoyo. Ilizunguka kusini mwa Afrika, ikapita Cape Town, na tarehe 18 Machi ikatia nanga Banana, kwenye mdomo wa mto Kongo. Kutoka hapo Tippu Tip na watu wake walipanda mto hadi Kisangani. Tippu Tip mwenyewe alisimulia safari hiyo katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili na ambazo zilichapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa hiyo familia ya Kasongo inayosema “babu alikuja na merikebu” isikimbilie kutazama mashariki peke yake. Inawezekana mzee huyo hakupita Tabora wala Ujiji. Inawezekana aliingia Maniema kutoka magharibi, kwa njia ya mto, baada ya kuona bahari mbili. Anayetafuta jina lake kwenye habari za misafara ya Ujiji atachoka bure.

Na neno “bahari” lenyewe linahitaji kuulizwa tena. Njia ya kawaida ya misafara ilivuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, ikatua Mtowa, kisha ikaja kwa miguu hadi Kabambare na Kasongo. Ziwani kulikuwa na majahazi, tanga, manahodha na mabaharia, na kulikuwa na dhoruba pia. Mzee aliyezama Tanganyika akaokoka ana haki ya kuitwa mtu wa maji kama yule wa Zanzibar. Tofauti ni kwamba yeye hakuandikwa popote.

Hapo ndipo penye tatizo kubwa la nyaraka hizi. Mtu wa kawaida aliandikwa kama alisimama karibu na Mzungu. Kabambare inalo ushahidi wake. Livingstone, aliyepaita Bambarre, alikwama hapo miezi mingi akiugua vidonda vya miguu, tangu katikati ya 1870 hadi Februari 1871. Waliobaki naye walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Susi alikuwa kijana wa Shupanga kwenye mto Zambezi. Chuma alitolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa akiwa mtoto mwaka 1861. Wote wawili walikuwa wamevuka bahari ya Hindi katika chombo kidogo cha mvuke, Lady Nyassa, kilichotoka Zanzibar Aprili 1864 na kufika Bombay Juni. Tunajua chombo, mwezi na bandari. Baharia wa kweli alikaa Kabambare na habari zake zinasomeka mpaka leo, kwa sababu bwana wake alikuwa na kalamu. Hata barua aliyoiandika Livingstone akiwa hapo Februari 1871, iliyofifia kiasi cha kutosomeka, ilirudishiwa maneno yake kwa kamera maalum na kutolewa mwaka 2010.

Miaka mitano baadaye, Oktoba 1876, mashua ya Stanley iitwayo Lady Alice ilipita Kabambare vipande vipande, juu ya mabega ya watu. Uledi, aliyeshika usukani wake mtoni, anajulikana kwa jina. Na watu wa Maniema waliokuwa wamebeba vitu njia hiyohiyo mwaka baada ya mwaka, nani aliwaandika?

Nyaraka za majini nyingine zinauma zaidi. Baada ya mkataba wa 5 Juni 1873, uliomlazimisha Sultani Barghash kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari, manowari za Uingereza ziliendelea kukamata majahazi pwani. Manahodha wa manowari walilipwa zawadi kwa kila mtumwa aliyekombolewa, au kwa ukubwa wa jahazi. Kwa hiyo jahazi lilipimwa kwa uangalifu, urefu na upana, kabla ya kuchomwa moto au kuvunjwa. Watu waliokuwa ndani walihesabiwa: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Mara nyingi karatasi inajua mbao za chombo kuliko inavyojua waliofungwa ndani yake. Karatasi hizo ziko London, katika Nyaraka za Taifa, na sehemu ya barua za konseli wa Uingereza imebaki Zanzibar, Kilimani. Mtu wa Kabambare anayetafuta nahodha katika mafungu hayo anaweza kumpata. Lakini katika mafungu hayohayo wamo watu waliotolewa Maniema wakapelekwa pwani, na pengine ni ndugu zake wa upande wa pili.

Wajukuu wa watu hao wapo. Ndiyo maana Wamanyema wako Ujiji, Tabora na Bagamoyo, na Dar es Salaam kuna Msikiti wa Manyema huko Kariakoo. Wakati Kasongo inamtafuta babu aliyetoka pwani, kuna watu pwani wanaotafuta kijiji cha bibi aliyetoka Kasongo.

Vipi kuhusu chombo kilichozama? Hilo si jambo la kudharau. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Zanzibar, kikazamisha merikebu za Sultani na majahazi mengi bandarini, na kung’oa mikarafuu na minazi ya Unguja. Mtu aliyepoteza chombo siku hiyo alikuwa na sababu ya kujiandikisha kwa tajiri wa pembe na kwenda bara. Familia yenye masimulizi ya namna hiyo ianzie mwaka huo, kisha ihesabu vizazi kurudi nyuma. Vikigoma kulingana, iache.

Suala la majina ni gumu kuliko yote. Karani Mwingereza aliandika alichosikia. Mabruki lilikuwa jina la watumwa na watu huru wengi sana, na msafara mmoja ungeweza kuwa nao kadhaa. Anayepata “Mabruki” katika orodha na kutangaza ukoo amejitungia babu. Pasipo jina la tajiri, jina la mnyapara na jina la kambi, hakuna ushahidi.

Kuna linalowaumiza wengi ambalo halisemwi wazi. Wapo wanaomtafuta babu wa bahari kwa sababu wanataka awe Mwarabu. Orodha za safari zitawavunja moyo. Waliopanda Madura na waliofuata misafara walikuwa kwa wingi Wanyamwezi, Wayao, Wazaramo, na watumwa wa asili mbalimbali waliojiita Wangwana. Wengine wanaogopa kutafuta, kwa sababu mashariki mwa Kongo neno “mgeni” limeshamwaga damu. Hofu hiyo ina msingi, lakini karatasi ya merikebu siyo itakayoamua. Ibara ya 10 ya katiba ya 2006 inasema Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu na ardhi yao viliunda Kongo wakati wa uhuru. Haiulizi mzee mmoja alishuka bandari gani mwaka 1887. Na mzee huyo, alipofika, alioa: Mbangubangu, Mzimba, Mkusu. Bibi huyo hana rejista London wala Brussels, ila ndiye aliyewapa watoto ardhi na wajomba.

Vita vya 1892 hadi 1894 viliharibu nyumba ambazo zingeweza kutunza barua na mikataba. Kasongo ilianguka mikononi mwa Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, Kabambare mwanzoni mwa 1894. Kilichobaki kiko Tervuren, karibu na Brussels, ambako makumbusho ya Afrika ya Kati yanatunza karatasi za Stanley, na kiko kwenye vichwa vya wazee. Tervuren inaweza kusubiri. Wanafunzi wa historia wa Kindu na Kasongo wangeanza mwaka huu kwa wazee, simu ikirekodi, na maswali machache: babu alimfuata tajiri gani, alivuka maji gani, alifika kutoka upande gani wa jua, na bibi aliyempokea alikuwa binti wa nani, wa kijiji gani.