Viti Mwendo vya Sakafuni, Sisi Tunaishi Topeni

Sisi wa Mshangano, mkoani Ruvuma, tumechoka kupiga makofi siku za makabidhiano ya viti mwendo. Zinatolewa hotuba, zinapigwa picha, na mwenzetu mwenye ulemavu anasukumwa kidogo ukumbini kwenye kiti kipya. Taabu inaanza akifika kwake. Kiti alichopewa ni kile cha hospitalini, chenye vigurudumu vidogo mbele, cha kupita kwenye sakafu laini. Mvua zikianza Novemba, vigurudumu hivyo vinazama kwenye tope, na mpaka Aprili mzee anabebwa mgongoni na wajukuu zake.

Hatuwabezi wanaotoa. Tunaomba kabla ya kutoa wamuulize mtu njia ya kwake ikoje, na choo chake kikoje.

Hilo la choo halisemwi, na ndilo linalotuumiza zaidi. Nyumba zetu nyingi zina choo cha shimo huko nyuma, mlango mwembamba, na lazima uchuchumae. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi atachuchumaaje? Seremala wa mtaani anaweza kumtengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, na fundi akaweka bomba la kushikilia ukutani. Hatujawahi kuona hafla ya kukabidhi vitu hivyo, wakati ndivyo vinavyomsitiri mama mtu mzima asiingizwe chooni na mwanawe wa kiume.

Kisha kuna matengenezo. Baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kunyonga kwa mikono, ikikatika mnyororo au tairi likitoboka, fundi baiskeli anaishughulikia siku hiyohiyo, maana spea zake ni zilezile. Kiti cha kuletwa kikivunjika gurudumu la mbele, kinageuka cha kuanikia nguo. Magongo nayo yanakwisha mipira ya chini. Watu wanakata vipande vya kandambili na kuvifunga, na kwenye marumaru yenye maji wanaanguka. Kipande cha mpira tu!

Anayehitaji mguu bandia akielekezwa hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Mtoto anakua, mguu unambana, safari inaanza upya. Huko hospitali ya KCMC, Moshi, chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu miaka ya 1980. Tunataka wanaohitimu wafike na huku Ruvuma, wawe na karakana na vifaa, watupime hapahapa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, nayo inataka majengo ya umma yafikike. Bado kuna ofisi tunazoziendea ambazo mlangoni ni ngazi tupu, na mwenzetu anasubiri juani mpaka karani apate nafasi ya kutoka nje. Kumwaga zege la mteremko pale ni kazi ya muda gani?

Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Tunapendekeza kikundi chao kikopeshwe mashine ya kuchomelea na vyuma, kiunde baiskeli za magurudumu matatu zinazofaa njia zetu, na halmashauri iwe mteja wa kwanza.

Na ile mitaro ya barabarani, waheshimiwa, iwekwe vivuko vya zege mbele ya nyumba za hawa wenzetu. Tuko tayari kuchimba na kusomba mchanga wenyewe. Tuleteeni saruji na nondo kabla ya Novemba.