Picha mbichi au iliyopikwa? Punguzeni kuringiana kwanza

Wakutanishe wapiga picha watatu wa uraibu popote Nairobi, iwe Uhuru Park Jumapili ama kwenye mkahawa wa katikati ya jiji, na kabla chai haijapoa swali litakuwa limezuka: wewe hupiga RAW au JPEG? Jibu likiwa JPEG, utaona mtu akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ni kama umesema hujui kusonga ugali.

Ubishi wenyewe ni wa miaka mingi na hautaisha leo. Kinachoniudhi ni namna tunavyoubishania. Kijana anajikusanyia pesa, ananunua kamera iliyotumika, halafu anaambiwa yeye si mpiga picha hadi apige RAW. Anaitikia, anajaza diski faili ambazo hatazifungua maishani. Mwenzake anakataa katakata, anasema hizo ni mbwembwe za watu wa laptopu kubwa, na anaharibu nyuso za watu harusi baada ya harusi. Wote wawili wanapoteza picha.

Hebu tuone kwanza kinachotokea ndani ya kamera. Ukibonyeza kitufe, sensa hupima mwanga uliogonga kila pikseli na kuupa nambari. Nambari hizo zikihifadhiwa jinsi zilivyo, hiyo ndiyo RAW; hapa nitaiita mbichi, maana ndivyo ilivyo. Ukichagua JPEG, kamera haikupi nambari hizo. Inazipika kwanza: inaamua weupe uwe weupe wa aina gani, inakoleza rangi, inaongeza tofauti kati ya giza na mwanga, inafuta chembechembe, inanoa kingo, halafu inaibana picha na kutupa kile inachodhani jicho lako halitakikosa. Yote hayo kufumba na kufumbua.

Tofauti iko kwenye hicho kilichotupwa. JPEG ya kawaida ina biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256 kutoka giza totoro hadi mwanga mkali. Faili mbichi ya biti 12 ina ngazi 4,096, na ya biti 14 ina 16,384. Picha ikipigwa vizuri kwenye mwanga mzuri, hutazitofautisha kwa macho, na anayekuambia yeye huziona tofauti kwenye Instagram anakuchezea. Mambo hubadilika siku unapotaka kurekebisha kitu: kuinua kivuli, kurudisha mawingu yaliyochomeka, kuondoa umanjano wa balbu. Mbichi ina nafasi ya kuvutwa. JPEG ukiivuta sana inachanika, na rangi zinaanza kujipanga mistari mistari angani.

Kuna wale wanaosema eti mbichi ndiyo ukweli mtupu, haijaguswa. Hapana. Faili mbichi haitazamiki mpaka programu fulani iipike. Hata ile picha unayoiona nyuma ya kamera ukipiga mbichi ni JPEG ndogo ambayo kamera imekupikia ili uone kitu. Kwa hiyo picha itapikwa tu, upende usipende. Cha kuulizana ni nani atashika mwiko.

Na hapo mimi nina msimamo. Ukipiga watu wetu, kwenye jua letu, katika siku ambayo haitarudiwa, shika mwiko mwenyewe. Piga mbichi.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Kwa miaka mingi Kodak ilisambazia maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu. Zilijulikana kama kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha kawaida. Ngozi nyeusi ikitoka kama makaa yenye macho na meno, hiyo ilikuwa shida yako na wazazi wako. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, alichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu kadi hizo, na humo kuna jambo ambalo sijawahi kulisahau: msukumo wa kurekebisha filamu ulitoka pia kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao za kahawia hazitofautiani pichani. Chokoleti ilisikilizwa.

Kamera za siku hizi ni afadhali mara mia, sibishi. Lakini hata mwaka 2021, Google ilipotoa simu ya Pixel 6, iliona haja ya kutangaza teknolojia iliyoiita Real Tone, ya kuonyesha ngozi nyeusi inavyostahili. Kama kazi ingekuwa imekwisha, tangazo hilo lingekuwa la nini?

Sababu ya pili iko juu ya vichwa vyetu. Sisi tuko ikweta. Mwezi Machi na Septemba, jua la saa sita linakaa utosini na vivuli vinaingia moja kwa moja kwenye mashimo ya macho. Saa hizo ndizo sherehe zetu huiva: ruracio, harusi, mahafali ya chuo kikuu. Sasa mweke hapo bibi harusi mweusi mwenye gauni jeupe. Kipimo cha mwanga cha kamera hujaribu kuvuta kila kitu kuelekea kijivu cha wastani. Kikiona weupe umejaa fremu, kinapunguza mwanga. Gauni linapendeza, uso unazama. Ukipima kwa uso, gauni linachomeka, na shanga zote alizoshona fundi kwa wiki nzima zinageuka doa moja jeupe. Kwa JPEG inabidi uchague nani apotee. Kwa mbichi unalinda gauni, kisha unauinua uso ukiwa nyumbani, na ngozi inabaki na ule ukahawia wake wenye joto badala ya rangi ya majivu.

Usiku ndani ya hema nako kuna vituko vyake. Balbu ya manjano huku, taa za rangi kule, mwanga wa projekta usoni pa pasta. Kwenye faili mbichi, mpangilio wa weupe ni maandishi tu yaliyoambatanishwa. Unaubadilisha baadaye bila kuharibu chochote. Ingawa siwadanganyi: DJ akimwaga taa ya zambarau tupu, hata mbichi haitakuokoa. Wala haitaokoa picha iliyokosa fokasi au iliyotikisika. Kuna watu wanadhani RAW ni maji ya baraka.

Nikishasema hayo, niwageukie wenzangu wa upande huu, kwa sababu dharau imezidi.

Novemba 2015, shirika la habari la Reuters liliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea waache kutuma picha zilizotokana na faili mbichi. Lilitaka JPEG zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, kwa sababu mbili: kasi, na picha ambazo hazijatiwa chumvi. Hao waliokuwa wakiambiwa hivyo ni watu wanaopiga vita na chaguzi. Nani atawaambia hawajui kazi?

Ama nenda Nyayo siku ya Gor na AFC Leopards na kamera ya bei ya chini. Piga mbichi mfululizo uone. Baada ya sekunde chache kumbukumbu yake ya muda inajaa, kamera inaganda ikijaribu kuandika kwenye kadi, na bao huingia dakika hiyo hiyo. Jirani yako mwenye JPEG bado anafyatua. Halafu kuna wale wa Fujifilm, wanaopiga JPEG makusudi kwa mapishi ya kuiga filamu za zamani kama Velvia na Provia. Wamechagua rangi, weupe na kivuli kabla ya kubonyeza, na wakikosea wamekosea. Mimi huo nauita ufundi, si uvivu.

Na pesa je? Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili mbichi ya megabaiti 25 hadi 30 hivi, huku JPEG yake ikiwa kwenye megabaiti 10 au chini. Piga picha 500 siku moja, hesabu mwenyewe: karibu gigabaiti 14 dhidi ya 5. Mara Jumamosi nne. Mtu anayehesabu data ya wiki hawezi kupandisha mzigo huo kwenye hifadhi ya mtandaoni, na diski ya pili ni kodi ya nusu mwezi kwa wengine wetu.

Lakini gharama kubwa zaidi ni ile ya "nitahariri wikendi." Tunawajua. Pengine msomaji wewe ni mmoja wao. Binamu alioa Desemba, picha ziko mbichi kwenye laptopu, sasa mtoto anatambaa na shosho bado anauliza picha zake ziko wapi. Shosho hana haja na biti 14. Anataka picha moja iliyochapishwa, aiweke karibu na ile kalenda ya kanisa. Picha mbichi isiyopikwa humlishi nayo mtu. Mpiga picha wa JPEG aliyezituma jioni hiyo hiyo amekushinda, hata kama vivuli vyake ni vyeusi kama lami.

(Na nyinyi wateja wa "tupatie zote, hata zile raw": mkipewa mtazifungulia wapi? Kubalianeni kabla ya siku yenyewe, si baada ya keki kukatwa.)

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao haujadiliwi sana kwenye vikao vyetu, nao ni ushahidi. Juni 2024, vijana wengi waliingia katikati ya jiji na kamera na simu. Picha zikasambaa kwa WhatsApp, na WhatsApp, picha ikitumwa kama picha, huipunguza na kuivua taarifa zake: saa iliyopigwa, kamera iliyotumika, vyote hupotea. Siku hizi ambapo kompyuta inaweza kubuni maandamano ambayo hayakutokea, mtu akikuuliza "picha hii ni yako kweli?" utamwonyesha nini? Mashindano ya World Press Photo huwataka wanaokaribia kushinda walete faili za asili zilivyotoka kwenye kamera. Mwaka 2015, asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho ziliondolewa baada ya kulinganishwa na faili hizo. Faili mbichi si rahisi kuighushi, na ndiyo maana majaji huiamini.

Priya Ramrakha, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935, aliifanyia kazi Time na Life na akauawa kwa risasi Biafra mwaka 1968. Kazi yake nyingi ilidhaniwa imepotea, mpaka miongo kadhaa baadaye ilipopatikana ndani ya gereji hapa hapa Nairobi. Picha za miaka ya kupigania uhuru, ambazo magazeti ya wakati ule hayakuwa na nafasi nazo, zikapata kuonekana na kuchapishwa kitabuni. Hilo liliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha asili cha kurudia. Faili mbichi ndiyo negativu yetu sisi tusiotumia filamu.

Ila negativu ukiiinua kwenye dirisha utaiona, hata baada ya miaka 50. Diski iliyokaa gerejini miaka hiyo sidhani kama itazunguka. Tena kila kampuni ina lugha yake: Canon ina CR3, Nikon ina NEF, Sony ina ARW. Adobe ilileta DNG mwaka 2004 ili pawe na umbo moja lililo wazi, na kampuni kubwa za kamera nyingi hazikuifuata. JPEG, iliyoidhinishwa mwaka 1992, inafunguka kwenye kila kitu chenye kioo, hadi televisheni ya hotelini. Ukitaka wajukuu waone, usiwaachie mbichi peke yake.

Kwa hivyo mimi hutumia ule mpangilio wa kamera ambao wabishi wa pande zote mbili huupita bila kuutazama: RAW+JPEG, zote kwa mpigo. JPEG zinaenda kwa watu usiku huo huo. Mbichi nazifungua pale tu uso ulipozama ama gauni lilipochomeka, pengine picha 20 kati ya 500. Kuzipika si lazima ulipe Adobe kila mwezi. Darktable na RawTherapee ni bure, na Canon na Nikon hutoa programu zao bila malipo kwa kamera zao. Huna kamera? Android ilifungua mlango wa faili mbichi mwaka 2014 na iPhone mwaka 2016, na Snapseed hufungua DNG kwenye simu hiyo hiyo uliyoshika.

Kadi ikijaa, anza kufuta mbichi za vyakula, za paka na za machweo ya Ngong Hills. Zile za nyuso, na za siku kama ile ya Juni, ziweke diski mbili, nyumba mbili tofauti.