Mayai ya Mbuzi Wetu Yanaliwa na Marabou

Wasee, leo si siasa za kaunti. Ni ovari za mbuzi. Cheka kwanza, halafu usome.

Mbuzi jike akichinjwa hapa Garissa, nyama inaenda sokoni, ngozi inaenda kwa broka, matumbo yanaoshwa. Ovari, vinyama viwili vidogo kama maharagwe, zinatupwa na uchafu, na wale marabou wetu wenye upara wanamaliza. Ndani ya kila moja kuna maelfu ya mayai ambayo hayajakomaa. Huo ni ukoo wa Galla, ile mbuzi nyeupe ya nyanya yako, inayovumilia jua, inatembea mbali na bado inarudi na maziwa. Sisi tunalisha ndege.

Sasa sikia vile inafanyika, maana watu wanadhani ni sinema. Ovari zinatolewa mara tu baada ya kuchinja, zinawekwa kwa thermos yenye maji ya chumvi ya vuguvugu. Maabarani mtu anavuta mayai kwa sindano, anayaangalia kwa darubini na kuchagua yale yaliyofunikwa vizuri na seli zake. Yanalala kwenye inkubeta kama siku nzima, joto la nyuzi 38.5 hivi, pamoja na homoni, mpaka yakomae. Kisha yanakutanishwa na manii ya beberu aliyechaguliwa. Baada ya wiki moja hivi, yai lililofaulu limekuwa kiinitete cha kuwekwa ndani ya mbuzi mwingine. Miezi mitano, unapata mtoto. Si uchawi, Japani walishapata mbuzi wa kutungwa nje ya mwili miaka ya 1980.

Na Kenya si ati haiwezi. ILRI pale Nairobi walishiriki kumzalisha Tumaini, fahali wa Boran aliyetokana na kloni, 2012. Kabete kuna kituo cha manii tangu 1946. Shida ni kwamba ovari haisubiri. Inafaa kufika maabara ndani ya saa chache, na Nairobi ni zaidi ya kilomita 360. Hiyo ni kama barabara ipo! 2023 na 2024 mafuriko yaliikata pale Mororo, watu wakavuka kwa boti. Maabara ikiwa Nairobi, mbuzi wa Garissa hayuko kwa mpango.

Kuna wale husema wazee wamechagua mabeberu tangu zamani bila maabara. Kweli, na wanajua kutuliko. Mzee anajua mama ya mbuzi, nyanya yake, na nani alitoa maziwa mwaka wa kiangazi. Ndiyo maana namtaka huyo mzee mlangoni pa machinjio akisema, hii chukua, hii wacha. Maabara bila yeye ni friji ya bei ghali. Wengine wanasema leteni tu mbegu ya beberu mzuri, mpandishe kwa mrija, inatosha. Bana, manii ni nusu ya ukoo. Nusu ile ingine ndiyo marabou anameza.

Ukame wa 2020 mpaka 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa nchini. Watu waliuza hata majike wa kuzaa, kwa bei ya kutupa. Mvua ikirudi, unaanza na nini?

Sidanganyi mtu: mayai mengi hayafiki. Mengine hayakomai, mengine yanatungwa na kufa siku ya tatu. Stima ikipotea usiku, kazi yote imeenda. Na kama kuna pesa ya kitu kimoja tu, nunueni chanjo ya PPR kwanza, maana kiinitete hakitibu mbuzi anayekohoa na kuhara. Lakini hakuna aliyekaa chini akatuambia amelinganisha hizo gharama. Tunaambiwa tu vijana wa North Eastern hawana kazi.

Darubini. Inkubeta. Sola na betri. Mtungi wa naitrojeni ya kugandisha. Halafu vijana waliosoma biolojia hapa hapa mjini na bado wanajua kukamua mbuzi gizani. Hao tunao, warya, wengine wako stage saa hii wanangojea abiria wa boda.